Viungo vikikaza usilale tu: venye mimi hufanya mazoezi na athraitisi yangu

Wacha nianze na mikono juu huko ndiko yangu ilianzia. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, na 2016 nilianza kuamka vidole vimekaza kama mtu amelala amekunja ngumi usiku kucha, makasi hayashikiki, kifungo cha shati ya mtoto hakifungiki, alafu ikifika saa 4 hivi vinaanza kufunguka pole pole naingia kazini. Nilimeza dawa ya malaria hata sijui mara ngapi, juu huku kwetu ukisema mwili unauma kila mtu anakuambia ni malaria, ama ulioga maji baridi usiku baridi ikakuingia kwa mifupa. Kupimwa damu na kupigwa picha ya mikono kulikuja baadaye sana, nikaambiwa ni rumatoidi athraitisi, ile kinga ya mwili inageukia ngozi laini iliyo ndani ya viungo na kuivimbisha. Na kwa kliniki moja nikaambiwa nipumzike miezi 3 nisishike kitu. Nilitii. Hiyo miezi ndiyo ilinivunja kuliko ugonjwa wenyewe, mapaja yalikonda, kuinuka kwa kiti mpaka nivutwe, bega likakataa kupanda hata kujifunga kitambaa kichwani nikashindwa.

Kwa hivyo hii naandikia wewe ambaye ushaambiwa una athraitisi ya kuvimba, iwe rumatoidi, iwe ile inatembea na soriasisi ya ngozi, iwe ile ya uti wa mgongo inaitwa ankilozi spondilaitisi, ama una mtoto ako nayo, na unaogopa kusonga juu unadhani ukisonga utajiharibu. Utajiharibu zaidi ukikaa.

Kwanza jua uko upande gani. Ile athraitisi ya kuchakaa, ya magoti ya wazee, huuma zaidi ukitumia kiungo na ukikaa inatulia, na asubuhi hukaza dakika chache tu. Yetu ni kinyume, asubuhi inakaza kuanzia nusu saa mpaka hata masaa, ukikaa kwa matatu kutoka Kakamega unashuka kama mti, ukitembea kidogo inalegea. Hiyo yenyewe inakuonyesha dawa yake nyingine ni nini.

Lakini nisieleweke vibaya, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Ukifanya mazoezi na ugonjwa unawaka bila dawa ni kama kupiga deki na bomba la maji limepasuka. Meza venye umeandikiwa, na kama ni methotreksati soma hapa mara mbili: hiyo kwa athraitisi humezwa SIKU MOJA kwa wiki, si kila siku, chagua siku uiandike kwa ukuta, juu watu wamepata sumu na wengine wamekufa kwa kuimeza kila siku kimakosa. Na mama, haitumiki ukiwa mjamzito wala ukipanga kushika mimba, ongea na daktari mapema. Hizo poda na vidonge vya kuuzwa stendi ati vinamaliza uchungu siku 3, wachana navyo kabisa, zingine hupatikana zimechanganywa na steroidi, unajisikia mzima wiki mbili alafu uso unafura, sukari inapanda na mifupa inakuwa hafifu. Na kama umekuwa kwa prednisoloni ya daktari, ambayo pia ni steroidi, kwa muda usiikate ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo.

Sasa hii hofu ya kwamba mazoezi yanakula viungo. Uholanzi walichukua watu 309 wenye rumatoidi, kundi moja likapewa mazoezi makali, baiskeli, kubeba uzito, hata michezo, mara 2 kwa wiki, dakika 75 kila mara, kwa miaka 2 mizima. Majibu yalitoka 2003, wale wa mazoezi walipata nguvu na kazi za kila siku zikawa rahisi, na viungo vidogo vya mikono na miguu havikuharibika kuliko vya wale wengine. Tahadhari moja tu ilijitokeza, mtu ambaye goti au bega lake lilikuwa limeshaharibika sana kwa picha, huyo kiungo hicho kisipigwe mazoezi mazito, atengenezewe yake na fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Na 2018 muungano wa Ulaya wa magonjwa ya viungo, EULAR, ukasema wazi kwamba mtu wa athraitisi ya kuvimba afuate kipimo kile kile cha watu wazima wengine, tofauti ni kwamba anaanza chini na kupimiwa kulingana na mwili wake. Yaani dakika 150 za kutembea kwa nguvu kiasi kwa wiki, na siku 2 za kujenga misuli, pamoja na kunyoosha viungo na usawa wa mwili ili usianguke. Usishtuke na hiyo 150. Mimi nilianza na dakika 5, nikienda mpaka kwa kibanda cha mboga na kurudi.

Kipimo nilichofunzwa na fizio, na ndicho nakutajia kabla ya zoezi lolote, ni cha masaa mawili. Kuuma kidogo wakati unafanya ni kawaida, misuli kuchoka ni kawaida. Lakini ukimaliza, angalia saa, kama masaa 2 baadaye kiungo kinauma kuliko venye kilikuwa kabla uanze, umezidisha, kesho usiache, punguza. Kama zilikuwa mara 10 fanya 6. Kama haiumi zaidi, kaa hapo wiki moja alafu ongeza kidogo. Niliweka kijitabu cha senti kidogo tu, naandika nilichofanya na venye nilisikia jioni, na kile kijitabu kimenisaidia hata kwa daktari kuliko maneno yangu.

Asubuhi usiruke kutoka kitandani. Ukiwa bado umelala kunja na kunyoosha vifundo vya miguu mara 10, vuta goti moja kuja tumboni kisha lingine, fungua na kufunga mikono, zungusha mabega. Alafu karai la maji ya uvuguvugu, mikono ndani dakika 10, yapime na kiwiko kwanza, na vidole vicheze humo humo majini. Kama unaishi Nakuru ama Eldoret huko juu kwa baridi, hii ya karai usiiruke, mwezi wa 7 nikienda Nakuru kwa dada yangu mikono yangu huchukua muda mara mbili kufunguka.

Mikono sasa, na hapa nitakaa kidogo juu ndiyo watu husahau, wanatembea wanatembea na vidole vinapinda. Kuna mazoezi yalipimwa Uingereza kwa watu 490 wenye rumatoidi, yakachapishwa 2015, ni 7 ya kulegeza na 4 ya nguvu, na baada ya mwaka mikono ya waliofanya ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko ya wale hawakuyafanya. Ya kulegeza ni hivi. Vidole vikiwa vimenyooka, vikunje pale kwa fundo kubwa tu, kama unatengeneza paa la nyumba, kisha nyoosha. Alafu kutoka mkono wazi kunja ncha za vidole kama ndoano, endelea mpaka ngumi kamili, rudi pole pole. Alafu weka kiganja juu ya meza na kidole kimoja kimoja kitembeze kuelekea upande wa dole gumba, huu upande ni muhimu, juu ugonjwa wetu husukuma vidole kuelekea kidole cha mwisho na tunataka kuvirudisha. Zungusha kifundo cha mkono. Tanua vidole vyote kama unaonyesha tano, kisha kusanya. Mbili za mwisho ni za bega na kiwiko, peleka mikono nyuma ya kichwa kama unasuka kisogo, kisha nyuma ya mgongo kama unafunga kamba ya aproni. Mara 5 kila moja mpaka ufike 10, kila siku.

Ya nguvu ndiyo nilikuwa naogopa. Huko wanatumia udongo maalum wa plastiki wa kufinya, mimi natumia donge la unga wa chapati uliokandwa, laini mwanzo, ukipata nguvu unakanda mgumu. Finya donge kwa kiganja chote, hesabu 3, achilia. Kisha libane kati ya dole gumba na vidole vingine kimoja kimoja. Kisha weka vipande vyembamba katikati ya vidole ubane kwa kuvileta pamoja. Ya nne, laza mkono kwa meza kiganja kikiangalia chini, kifundo kikiwa ukingoni, shika kipande cha blada, ile mpira ya tyubu, umeikanyaga ile ncha ingine, inua mkono ukijisaidia na ule mwingine kisha ushushe pole pole peke yake. Kama huwezi kufunga blada bila kuumia mwambie mtoto akufungie. Hizi za nguvu si za siku kiungo kimevimba na kina joto.

Miguu na mapaja ndiyo itakutoa kwa kiti. Chukua kiti cha kawaida cha mbao kiegemee ukuta, kaa, kunja mikono kifuani, simama, kaa pole pole, bila kujitupa. Ukishindwa ongeza mto juu ya kiti kiwe juu kidogo, hiyo si aibu. Mara 8, pumzika dakika moja, mara 8 tena. Alafu shika ukuta, inuka kwa ncha za vidole vya miguu kisha ushuke, mara 10. Alafu kaa, nyoosha mguu mmoja mbele hesabu 5. Kwa kifua na mikono sukuma ukuta, lakini kama vifundo vya mkono vinauma usiweke viganja, weka mikono yote ya chini kuanzia kiwiko kwa ukuta usukume hivyo. Siku 2 ama 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati misuli ijirudie. Mwisho simama kwa mguu mmoja karibu na meza, sekunde 10, hii ni ya kutoanguka, na kwetu wenye mifupa iliyoguswa na steroidi kuanguka si jambo dogo.

Kutembea, tatizo la Kisumu ni jua. Asubuhi mapema ndiyo kuna upepo mzuri lakini ndio wakati mwili umekaza, na ikifika saa 5 jua linakuchoma, na kama una lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kujigeukia, jua lenyewe linaamsha ugonjwa. Mimi nimeamua saa 11 jioni, Kondele mpaka Kibuye na kurudi, ama kama niko upande wa chini naenda barabara ya Dunga juu haina milima. Kipimo cha mwendo, uweze kuongea na mwenzako lakini usiweze kuimba. Gawanya, dakika 10 mara 3 kwa siku ni sawa na 30. Watu wa Maragoli na Kisii mna milima kila upande, panda pole pole, na kushuka ndiko kunaumiza goti kuliko kupanda, kwa hivyo tafuta njia ya kuzunguka hata kama ni ndefu. Viatu ni kitu ya kutumia pesa kidogo. Kama unasikia kama unakanyaga kokoto chini ya vidole, hiyo ni athraitisi ya mguu, na raba za mitumba hapo Kibuye zinafaa sana ukijua kuchagua: mbele pana vidole visibanwe, nyuma pagumu pashike kisigino, na ukijaribu kuisokota soli kama nguo ya kukamua ikatae. Zile sandali za kupiga kisigino pa pa pa ziache za bafuni, na hata huko ziwe zenye kushika.

Kuogelea ni zuri ajabu, maji yanakubebea uzito. Lakini lile ziwa letu lina kichocho, na wengi wetu tuko kwa dawa zinazoshusha kinga ya mwili, basi ni bwawa la kuogelea lenye maji ya kutiwa dawa, hata kutembea tu ndani maji yakiwa kifuani. Baiskeli pia ni sawa, tandiko liwe juu goti lisikunjike sana.

Kwa wale wa ankilozi, na wengi ni vijana wanaambiwa ni mgongo wa kubeba mizigo, nyinyi hata zaidi yangu, kulala kunawakausha. Kila siku lala kifudifudi kitandani, anza dakika 5 mpaka ufike 15 ama 20, mgongo na nyonga zisijikunje. Simama kisogo, mabega, makalio na visigino viguse ukuta. Vuta pumzi kubwa mbavu zitanuke, mara 10. Godoro lisiwe la kuzama, mto uwe mwembamba, na sigara iache, ukweli ni kwamba inaharibu hii hali, hata ya rumatoidi pia.

Siku za moto zitakuja. Unaamka goti limefura linawaka, ama vifundo vya mikono vyote viwili. Hiyo siku usilazimishe nguvu, lakini usijifungie kwa kitanda pia. Kiungo kilichowaka kipitishe njia yake yote pole pole mara 2 ama 3, asubuhi na jioni, kisigande, na misuli yake unaweza kukaza bila kusongesha kiungo, unabana paja hesabu 5 na kuachilia. Barafu ndani ya taulo dakika 10 mpaka 15, si moja kwa moja kwa ngozi. Spilinti ya kifundo cha mkono, kile kifaa cha kukishikilia kisisonge, vaa ukifanya kazi na ukilala, alafu vua mkono usonge. Usikubali mtu akusugue kwa nguvu kiungo chenye moto, na ile raha ya kuweka mto chini ya goti usiku kucha usiizoee, goti linajikunja likakataa kunyooka. Viungo vingine vilivyo salama viendelee na kazi yao. Moto ukipita, rudi na nusu ya kile ulikuwa unafanya.

Kazi za nyumbani si zoezi, hapa tunadanganyana sana. Fizio akiniuliza kama nafanya mazoezi nilikuwa namwambia nafua, nalima, nakanyaga cherehani siku mzima, akaniambia, “Mama, hiyo ni mwili kuchoka, si mwili kujengeka,” na ni ukweli juu kazi hutumia kiungo kile kile mara elfu. Kwa hivyo kazi tunaipunguzia makali. Ugali songa na mikono miwili, mwiko uvishwe tyubu ya baiskeli shina lake liwe nene, mtu mwingine ashike sufuria. Nguo usikamue kwa kusokota, tundika zikichuruzika, jua letu litafanya kazi. Sufuria inua kwa viganja viwili chini, si kwa vidole ukingoni. Kikapu kibebe begani ama mkononi kwa kiwiko. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, jaza wa 5 mara nyingi ama utumie mkokoteni. Kigoda cha chini kibadilishwe na kiti, na kwa choo cha shimo kuna wale hutoboa kiti cha plastiki katikati, kinakusaidia usichuchumae. Mimi kwa cherehani nimejiwekea kengele ya simu, kila nusu saa nainuka, nanyoosha vidole, nazunguka meza.

Na kichwani usibebe. Hii naisema kwa mkazo juu kina mama wa huku tumelelewa nayo. Rumatoidi ya miaka mingi inaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo, kwa hivyo hakuna ndoo kichwani, hakuna kuni, na kinyozi asikuvunje shingo ile ya kra kra baada ya kunyoa. Ukisikia ganzi mikononi, miguu inalegea, kama stima inateremka mgongoni ukiinamisha kichwa, ama mkojo unakataa kushikika, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Sawa na kiungo kimoja kikifura ghafla na homa juu, usiseme ni ule ugonjwa wangu tu, inaweza kuwa usaha ndani na inakula kiungo haraka. Na kifua kikibana ukitembea, simama uende upimwe, juu ugonjwa huu unaongeza hatari ya moyo, ambayo ni sababu ingine ya kutembea.

Uchovu wetu watu hawauelewi, wanaona ni uvivu. Kaa na watu wa kwako uwaeleze siku moja vizuri. Panga kazi ngumu wakati mwili umefunguka, pumzika kabla hujaisha, na siku ukiwa na nguvu nyingi usimalize kazi ya wiki mzima, kesho utalipa.

Fizio si wa matajiri peke yao, hospitali kubwa za rufaa za serikali ziko na idara hiyo, Jaramogi hapa Kisumu ile wengi bado tunaita Russia, Kakamega iko, Nakuru iko. Jisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, na uulize dirishani kipi kinalipiwa. Uliza pia watu wa OT (occupational therapy), hao ndio hutengeneza spilinti na kukufundisha venye ya kushika vitu. Siku ya kwenda vaa viatu vyako vya kila siku avione, beba dawa zako zote na kile kijitabu, na ubebe chombo chako cha kazi. Mimi nilibeba makasi na kipande cha lesi, nikakata mbele yake, na ndani ya dakika moja akaona dole gumba langu linabanwa wapi.